Tarika za Wazee Wetu: Kuzitafuta Hati za Mirathi za Kale na Kuzisoma kwa Uadilifu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mrithi wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, walinijia watu watano wa ukoo mmoja. Watatu walikuwa wajukuu wa kiume wa mzee mmoja wa Pemba aliyeacha shamba la mikarafuu, na wawili ni watoto wa binti wa mzee yule yule. Ugomvi wao ulikuwa wa miaka mingi. Hawa wawili wanasema, "Mama yetu hakupata haki yake." Wale watatu wanasema, "Bibi aliuza fungu lake kwa kaka yake, na waraka tunao." Waraka wenyewe walikuja nao, umekunjwa ndani ya kitambaa cheupe, umehifadhiwa sandukuni kwa zaidi ya miaka sabini. Hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kuusoma, kwani umeandikwa kwa Kiarabu cha makatibu wa zamani. Walichojua ni kauli ya wazee tu: "Hii ndiyo hati ya kuuziana."

Nitaeleza mwishoni nilichokikuta ndani ya waraka ule. Kwanza ningependa tuitazame elimu hii ambayo wanafunzi wengi wa siku hizi wameiacha, nayo ni elimu ya kuzitafuta na kuzisoma hati za mirathi za wazee wetu. Fani ya Faraidh tunaisoma katika Rahabiyya na sherehe zake, tunagawa kwa thumuni na sudusi, lakini anapokuja mtu na mirathi ya babu wa babu yake ambayo haijapata kugawiwa, tunakwama. Hatukwami kwa hesabu. Tunakwama kwa sababu hatujui nani alikufa kabla ya nani, na nani alimwacha nani.

MIRATHI NA KALAMU

Dini yetu imeikutanisha mali na kalamu tangu mwanzo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Katika Suratul Maida, aya ya 106, Allah (s.w.) ametufundisha kuweka mashahidi wawili wakati wa wasia mauti yanapomfikia mtu, hata akiwa safarini. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefahamisha kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia apitishe siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko naye.

Mafungu yenyewe yamewekwa na Mola katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Aya ya 7 ya sura hiyo imekwisha kubainisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali ikiwa kidogo au nyingi. Naomba msomaji aizingatie hiyo "kidogo au nyingi". Maana yake ni kuwa hata shamba la minazi kumi lina wenyewe. Mwenye kusema "hicho ni kitu kidogo, kwa nini tufukue makaburi" anaipinga aya bila ya kujua.

Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Tirmidhi, tumeamrishwa tujifunze katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuunga jamaa zetu. Kwa hiyo kuutafuta ukoo si jambo la fahari. Ni ibada, ikiwa nia yake ni kuunga udugu na kufikisha haki.

TARIKA YA ZUBAYR BIN AL-AWWAM (R.A.)

Mwenye kutaka kuona hesabu ya mali ya marehemu iliyohifadhiwa tangu karne ya kwanza ya Hijra, basi na aisome habari ya Zubayr bin al-Awwam (r.a.) katika Sahihul Bukhari. Zubayr aliuawa mwaka 36 Hijria (656) wakati wa Vita vya Ngamia. Kabla ya hapo alimwita mwanawe Abdullah akamuusia amlipie madeni yake, na akausia thuluthi ya mali itakayobaki, na thuluthi ya thuluthi hiyo iwe ya watoto wa Abdullah. Hakuacha dinari wala dirhamu, bali ardhi, ikiwamo ile ya al-Ghaba, nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Deni lilikuwa 2,200,000. Si deni la israfu. Watu walikuwa wakimletea amana, naye akikataa kuzipokea kama amana kwa kuogopa zisipotee, akizichukua kama mkopo ili awe na dhamana nazo.

Al-Ghaba aliinunua kwa 170,000, na mwanawe akaiuza kwa 1,600,000. Madeni yakalipwa. Warithi wakataka kugawana. Abdullah akakataa, akawaambia hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne kwamba mwenye kumdai Zubayr aje alipwe. Miaka minne! Kisha ndipo alipotoa thuluthi na kugawa kilichobaki. Wake walikuwa wanne, na kila mmoja alipata 1,200,000.

Sasa angalia uangalifu wa wanavyuoni wetu. Riwaya inataja kuwa jumla ya mali yote ilikuwa 50,200,000. Ibn Hajar katika Fat-hul Bari amelisimamia jambo hili, kwani hesabu haikubali. Wake wanne kwa 1,200,000 ni 4,800,000, na hiyo ni thumuni. Kwa hivyo kilichogawiwa warithi ni 38,400,000. Hiyo ni thuluthi mbili, na ukiongeza thuluthi ya wasia utapata 57,600,000. Ongeza na deni, itakuwa 59,800,000. Maulamaa wakatafuta njia za kuzipatanisha tarakimu hizo. Funzo kwetu ni kuwa, ikiwa hesabu iliyomo ndani ya Bukhari imepigwa upya na wanavyuoni, basi karatasi ya katibu wa mtaani haiwezi kuachwa bila kupigiwa hesabu.

KUTOKA MISRI MPAKA BAYTUL MAQDIS

Al-Kindi, aliyefariki mwaka 350 Hijria (961), ameeleza katika kitabu chake cha magavana na makadhi wa Misri kisa cha kadhi Sulaym bin Itr, aliyekuwa kadhi zama za Muawiya (r.a.). Warithi walikuja kwake kugombania mirathi, akahukumu baina yao. Wakaondoka, baadaye wakakanushana, wakarudi tena. Akahukumu mara ya pili, na safari hii akaiandika hukumu yake na kuishuhudisha. Inasemwa kuwa yeye ndiye kadhi wa kwanza Misri kuandika daftari la hukumu. Basi tazama, lililozaa daftari la kadhi huko Misri ni ugomvi wa mirathi.

Madaftari mengi ya karne za mwanzo yamepotea. Lakini Allah ametubakishia hazina moja kubwa. Mwaka 1974, na tena 1976, katika Jumba la Makumbusho la Kiislamu lililomo ndani ya Haram ya Baytul Maqdis, zilikutwa hati zinazokaribia 900, nyingi zao za miaka ya 790 Hijria, yaani ya 1390 Miladia. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1984 na mtaalamu Donald Little, na mwanahistoria Huda Lutfi akaandika kitabu juu ya maisha ya mji ule kwa kuzitegemea hati hizo. Karibu nusu yake ni orodha za mali za watu waliofariki au waliokuwa katika maradhi ya mauti, na nyingi zinahusiana na kadhi wa Kishafii, Sharafuddin Isa bin Ghanim.

Mashahidi walikuwa wakienda nyumbani kwa mgonjwa kwa idhini ya kadhi. Wanaandika jina lake na nasaba yake, mji aliotoka, mahali anapokaa, warithi wake na waliko, kisha kitu kimoja kimoja: kanzu, godoro, sufuria, fedha taslimu, madeni anayodai na anayodaiwa, na mahari ya mke iliyobakia. Humo wamo wanawake wengi, na wamo mafakiri ambao hakuna kitabu cha tarikhi kilichowataja. Wengi walikuwa wageni waliohamia kwenye mji ule mtukufu. Mwanamke aliyeacha nguo chache na sufuria moja leo anajulikana kwa jina lake na la baba yake baada ya miaka mia sita, kwa sababu kadhi alilichukua fungu la warithi wake kuwa ni amana.

Zama za Dola ya Uthmaniya kazi hii ilizidi kupangika. Kulikuwa na mgawaji maalumu aitwaye qassam, na madaftari ya tarika yamebakia kwa wingi katika miji ya Bursa, Istanbul, Damascus na Cairo. Watafiti Establet na Pascual walizichukua tarika za Damascus za mwaka 1700 na miaka iliyo karibu nao, wakaeleza hali za familia 450. Tahadhari moja hapa: si kila maiti aliandikiwa. Mara nyingi kadhi aliitwa ikiwa kuna yatima, mrithi aliye mbali, deni au ugomvi. Wenye kuelewana waligawana wenyewe wakaondoka. Kwa hiyo kukosekana kwa jina la mzee wako katika daftari si dalili kuwa hakuwa na mali, wala kuwa hakuwapo.

PWANI YETU

Huku kwetu, makadhi walikuwapo tangu kabla ya Mreno. Hati zilizobakia kwa wingi, hata hivyo, ni za zama za masultani wa Kibusaidi na za ukoloni. Unguja kulikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni, na watu wakihukumiwa kwa madhehebu zao. Maulamaa wakubwa waliukalia ukadhi huo, akiwamo Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925). Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar kisha wa Kenya, ametuhifadhia tarikhi zao katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, na kitabu hicho kinamsaidia sana mtafutaji. Ukiona mhuri au sahihi ya kadhi juu ya waraka usio na tarehe, ukajua alikaa kitini lini na akafariki lini, umepata mipaka ya tarehe yako.

Baada ya himaya ya Waingereza ya 1890, mambo mengi yalianza kuandikishwa serikalini. Kamisheni ya Wakfu iliundwa Zanzibar mwaka 1905. Upande wa Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi za pwani walete madai yao yaandikishwe, na humo familia nyingi zilieleza wameirithi vipi ardhi na kutoka kwa nani. Tanganyika ilipita mikononi mwa Wajerumani kisha Waingereza, na baada ya uhuru, kwa sheria ya mahakama ya 1963, mahakama za makadhi na maliwali ziliondoka, mirathi ya Waislamu ikawa inasikilizwa katika mahakama za kawaida. Kenya makadhi wamebakia, na Katiba ya 2010 imewataja katika kifungu cha 170. Zanzibar pia wamebakia, na sheria yao ya sasa ni ya 2017.

Nimeyataja haya kwa sababu mtafutaji ni lazima ajue mzee wake alifariki chini ya utawala gani. Kufariki Lamu mwaka 1915 si sawa na kufariki Kilwa mwaka huo huo. Karatasi zao zimekwenda njia mbili mbalimbali.

WAPI PA KUANZIA

Anza nyumbani. Waulize wakongwe kabla hujakwenda kwenye makabati ya serikali, kwani kabati litakungoja na mzee hatakungoja. Usimuulize "Babu alikufa mwaka gani?" Muulize alikufa kabla au baada ya vita, kabla au baada ya mapinduzi, mama alikuwa kesha olewa au bado. Kisha omba kuona sanduku, na vitabu vya chuoni. Wazee wengi waliandika vizazi na vifo kwenye karatasi tupu za mwanzo wa msahafu au za kitabu cha fiqhi.

Pili, nenda makaburini na msikitini. Mawe ya makaburi yana majina na tarehe. Misikiti mingi ina wakfu, na hati ya wakfu hutaja mwenye kuweka wakfu, mipaka ya shamba na majirani wa kila upande. Hao majirani mara nyingi ni jamaa.

Tatu, ofisi ya Kadhi ya eneo lile, na kamisheni ya wakfu. Usidharau mafaili ya kesi za wakfu wa familia. Mahakama za wakoloni zilifuata hukumu iliyotolewa London mwaka 1894 juu ya wakfu wa India, iliyouona wakfu wa kizazi kuwa batili pale fungu la masikini linapokuwa la mbali mno, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 hukumu hiyo ilithibitishwa kwa familia ya Mombasa. Maulamaa walihuzunika sana, kwani wakfu juu ya dhuria ni jambo linalojulikana katika fiqhi yetu. Lakini katika dhara hiyo mlikuwa na faida moja. Ili kuthibitisha nani mnufaika, familia zilipeleka mahakamani shajara zao kizazi kwa kizazi.

Nne, nyumba za nyaraka. Zanzibar ni Kilimani, jengo lililoanzishwa 1956, na ndani yake mna mafaili ya mahakama, ya wakfu na hati za Kiarabu za karne ya 19. Kenya ni Nairobi, na Tanzania bara ni Dar es Salaam, na kwa ufilisi na udhamini kuna wakala wa serikali ujulikanao kama RITA tangu 2006. Na kwa kuwa baada ya 1964 watu wengi waliondoka Unguja na Pemba na masanduku yao, waulize jamaa walioko Mombasa, Dubai, Maskati na Uingereza. Oman ina mamlaka ya nyaraka iliyoundwa 2007, ambayo imekuwa ikikusanya hati za familia, zikiwamo zilizotoka Afrika Mashariki.

NAMNA YA KUUSOMA WARAKA

La kwanza ni tarehe. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo usiongeze 580 tu ukadhani umemaliza. Muharram ya 1300 iliingia tarehe 12 Novemba 1882, na Muharram ya 1340 iliingia Septemba 1921. Waraka wa 1340 unaweza kuwa wa 1921 au wa 1922. Na makatibu wetu huweza kuandika mwezi kwa hesabu ya Kiswahili: Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Tatu ni Dhulhijja, Mfunguo Nne ni Muharram. Aliyedhani Mfunguo Nne ni mwezi wa nne wa mwaka amekosea kwa miezi mitatu, na katika mirathi miezi mitatu inaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mrithi na maiti.

La pili ni sarafu. Riale na rupia zilitumika pamoja muda mrefu, na Zanzibar rupia iliendelea mpaka shilingi ilipoingia 1936. Waraka unaosema shilingi na kudai kuwa umeandikwa Unguja mwaka 1920 unahitaji kutazamwa mara mbili.

La tatu ni aina ya waraka. Wapo wanaoita kila karatasi ya Kiarabu "hati ya mirathi". Kuna tarika, nayo ni orodha ya mali. Kuna fariza, nayo ni mgawanyo. Kuna wasia, hiba, wakfu, iqrari, na kuna bei. Na bei zenyewe si moja. Pwani yetu ilijaa bei ya khiyari, ambayo mtu huuza shamba au nyumba kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda fulani, mali inarudi kwake. Mara nyingi muuzaji alibaki pale pale akilipa kodi. Katika madhehebu ya Imam Shafii khiyari ya sharti haizidi siku tatu, na ndiyo maana maulamaa walibishana sana juu yake. Wa Hadhramaut wa zama za mwisho waliipitisha kwa jina la bei ya uhda kwa sababu ya haja ya watu, na wengine wakaiona ni mlango wa riba. Sina nia ya kutarjihi hapa. Ninachosema ni kuwa ukikuta neno "bi'tu", nimeuza, usisimame hapo. Soma mpaka mwisho, kisha ugeuze nyuma.

La nne ni majina. Ukoo mmoja unaweza kuwa na Said bin Salim watatu. Usiunganishe mpaka upate alama nyingine, kama mke, mtaa, kazi au jirani. Na majina ya kabila hubadilika. Mtu aliyeandikwa Mnyasa katika karatasi moja anaweza kuandikwa Mswahili katika nyingine, na yeye ni yule yule.

LINALOUMIZA NDANI YA KARATASI

Hapa naomba tusikilizane kwa utulivu. Anayefukua hati za mirathi za pwani atakutana na utumwa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Zanzibar ilitolewa Aprili 1897, mwezi wa Mfunguo Pili 1314. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, makadhi waliendelea kuletewa kesi za walaa. Aliyeachwa huru akifa bila ya asaba wa nasaba, aliyemwacha huru au asaba zake hurithi. Ndiyo maana utakuta waraka unaomtaja marehemu kama "atiq" au "maula" wa fulani. Mtafiti Elisabeth McMahon alizitumia sana karatasi za mahakama za Pemba katika kitabu chake cha 2013, na ndani yake waliokuwa watumwa wanaonekana wakioana, wakinunua minazi, wakikopeshana na kurithiana.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Sheikh, nimeona neno hilo kwa jina la babu yangu, natamani nisingeliona." Nikamjibu: Bilal (r.a.) aliachwa huru. Zayd bin Haritha (r.a.) aliachwa huru, na ndiye Sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Nafii, ambaye Imam Malik amepokea kwake, alikuwa maula wa Ibn Umar. Aibu iko wapi? Aibu ni ya anayelitumia neno hilo leo kumdharau mwenzake, au kumkatalia mke, au kumnyang'anya shamba.

Vivyo hivyo watoto wa masuria. Sharia haitofautishi baina ya mtoto wa suria na mtoto wa mke wa ndoa katika kumrithi baba yao. Watoto aliowaacha Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856 walikuwa wa masuria, nao ndio waliotawala Zanzibar baada yake. Basi anayemwambia binamu yake "nyinyi bibi yenu alikuwa suria, hamna haki hapa" hajui fiqhi wala hajui tarikhi.

Na kwa upande wa pili, asije mtu akajitia katika nasaba isiyo yake kwa sababu ameliona jina linalofanana. Mtume (s.a.w.) ametoa onyo kali kwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake ilhali anajua. Kuikana nasaba kwa haya na kuizua kwa tamaa ni dhambi mbili za mlango mmoja.

JE, WARAKA WA KALE NI USHAHIDI?

Wanafunzi huuliza swali hili sana. Asili kwa fuqahaa wengi ni kuwa khati peke yake si hoja, kwa sababu khati hufanana na huigwa. Hoja ni mashahidi. Lakini maulamaa wa baadaye walitofautisha. Daftari la kadhi lililohifadhiwa, lisiloguswa na mikono ya watu, lina nguvu isiyokuwa ya karatasi iliyotoka chini ya godoro la mmoja wa wagombanao. Majalla ya Uthmaniya iliupitisha msimamo huo. Na katika nasaba, kifo na wakfu, Mashafii wamekubali ushahidi wa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi wasiodhaniwa kupatana juu ya uongo.

Kwa hiyo waraka, istifadha na mashahidi vitazamwe pamoja, na mwenye kuhukumu ni kadhi au mahakama. Msomaji wa waraka hahukumu. Mahakama ya dunia huenda ikakataa kuisikiliza dawa kwa kuwa muda umepita, na nchi ina sheria zake. Lakini haki haifi kwa kupita miaka baina ya mja na Mola wake. Majalla yenyewe imelisema hilo.

WARAKA WA SANDUKUNI

Turudi kwa wale watano. Waraka ule ulikuwa wa 1340. Nilipousoma mstari wa nne, nilikuta kuwa bibi yule amemuuzia kaka yake fungu lake alilolirithi kwa baba yao, bei ya khiyari, kwa muda wa miaka miwili. Nikawauliza kama aliikomboa. Wakasema hawajui hata kuwa kulikuwa na kukomboa. Nikaugeuza. Nyuma, kwa wino mwingine uliofifia, kaka mwenyewe amekiri kuwa amepokea fedha zake zote na fungu limerudi kwa dada yake, na mashahidi wawili wamo.

Karatasi waliyoilinda miaka sabini ili iwe hoja yao, ilikuwa ni hoja juu yao. Na kaka yule, Allah amrehemu, alikuwa mwaminifu. Aliandika kwa faida ya dada yake. Dhuluma ilikuja baadaye, kwa kutokusoma.

Nikawapigia hesabu mbele yao. Mzee alimwacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, wote wa mke huyo. Mas-ala yanasahihi kwa 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7. Mke akafariki kabla ya mgawanyo, na warithi wake ni wanawe hao hao. Mafungu yake 5 yakawa 2 na 2 na 1. Kwa hiyo kila mwana ana 16 na binti ana 8, yaani khumusi ya shamba. Kisha nikawaonyesha jambo jingine: mama yao alifariki baada ya 1340. Hata kama bei ile ingesimama, lile fungu 1 lililomjia binti kutoka kwa mama yake halikuwamo ndani yake. Ilikuwa haliwezekani akose chote kwa njia yoyote.

Palikuwa na kimya kirefu. Mkubwa wao, mtu wa miaka themanini hivi, akaomba waraka wake. Nikadhani ataondoka. Akaukunja, akaukabidhi kwa binamu yake, akasema, "Huu ni wenu. Sisi tulikuwa tunawawekea." Wawili katika wale watatu walikubali khumusi itolewe, nayo imegawiwa kwa warithi wa bibi. Wa tatu hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Tunamuombea.

Enyi maimamu na wanafunzi, ombi langu kwenu ni dogo. Katika kila msikiti wetu na awepo mmoja aliyejifunza kusoma khati za makatibu wa zamani, na watu wajue kuwa wanaweza kumletea sanduku la wazee wao bila ya kuogopa siri zao kutoka. Mchwa, mvua na moshi wa jikoni havitungoji. Na kila mmoja wetu leo usiku ajiulize, nikifa, watakaokuja baada ya miaka sabini watakuta nini sandukuni mwangu, na nyuma ya karatasi hiyo nitakuwa nimeandika nini?

Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kufikisha amana kwa wenyewe, awarehemu wazee wetu walioandika na waliosahau kuandika, na atuunganishe jamaa zetu. Amin.

Wallahu aalam.